Dawa Imeshindwa, au Hainywewi?

Leo tuongee jambo ambalo wengi tunalionea aibu: ugonjwa wa akili. Hebu tuchukue mfano.

Tuseme kijana wa kidato cha tatu hapa Mungaa ameanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Halali, na anaona kila mtu anamsema. Anapelekwa hospitali, anapewa haloperidoli. Siku ya pili shingo inapinda, macho yanageuka juu, taya linakaza. Nyumbani wanasema, "Si tulisema karogwa!" Dawa inatupwa.

Kumbe nini?

Hayo siyo mapepo, ni madhara ya dawa. Haloperidoli huzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, ndipo sauti hupungua. Lakini dopamini hiyohiyo husaidia misuli kujongea vizuri. Ndiyo maana misuli inakaza. Mgonjwa akirudishwa hospitali haraka, hupewa dawa ya kulegeza misuli. Mojawapo ya kundi hilo ni benzeksoli, ambayo wengi huiita Artane.

Kisa kinapogeuka

Benzeksoli humpa mtu raha ya muda. Basi wapo wanaomeza hiyo peke yake na kuiacha haloperidoli, au wanawagawia washikaji. Ikizidi, mdomo hukauka, macho huona ukungu, moyo hukimbia, na mtu huweza kuona vitu visivyokuwepo! Sauti za mwanzo nazo zinarudi. Watu wanasema, "Huyu kashindikana." Kashindikana vipi, wakati dawa yenyewe hanywi?

Lini tuseme ugonjwa ni sugu?

Ni pale mgonjwa alipojaribu dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi sahihi, kwa wiki sita hivi, na amezimeza kweli. Wagonjwa hao wapo, na hata wao wana dawa: klozapini. Hii inaweza kupunguza seli nyeupe za damu, kwa hiyo lazima damu ipimwe mara kwa mara.

Usimcheke mgonjwa wa akili kwa kuacha dawa. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hata katika nchi tajiri, ni kama nusu tu ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa walivyoelekezwa.

Wewe ufanye nini?

1. Mgonjwa akikaza shingo au taya, mwahishe hospitali pamoja na dawa zake zote.
2. Muulize kwa upole, "Unakunywa ipi, saa ngapi?" Usimfokee.
3. Usionje wala kugawana vidonge vya mtu.
4. Asiache dawa ghafla bila kumwona mganga wa hospitali.

Anzeni kituo cha karibu. Kesi ngumu zaidi huweza kupelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza kutibu wagonjwa wa akili mwaka 1927.

Jiulize: Je, rafiki yako akiugua hivi, utamkimbia au utamkumbusha dawa?