Mbuni Wenye Wazazi Wawili

Atokaye Songea kwenda Mbinga huiona mibuni ya Arabika milimani Umatengo. Katika kila mmea zimo nyuzi ndogo mno za urithi, ziitwazo kromosomu. Mibuni ya aina nyingine ina 22. Arabika ina 44. Kwa nini? Zamani, miaka maelfu mamia iliyopita, unga wa ua la mbuni mmoja uliingia katika ua la mbuni wa aina nyingine. Mzazi mmoja ni Robusta, ulimwao Bukoba. Wa pili ni mbuni wa mwituni. Mtoto akarithi nyuzi zote za wazazi, ikawa aina mpya. Lakini uzao wake wafanana mno. Ugonjwa mmoja waweza kuudhuru wote.

Swali: Mibuni ya mwituni yafaa kutunzwa kwa nini?