Kiti cha Magurudumu Pekee Hakitoshi

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wafadhili

Parokia nyingi zimewahi kumchangia kiti cha magurudumu ndugu aliyeanguka kutoka mtini au kupata ajali ya pikipiki. Kiti hukabidhiwa mbele ya waumini, picha hupigwa, na kazi huonekana imekwisha. Somo hili linaeleza yanayopaswa kufuata.

Tujifunze kutoka historia

Hadi miaka ya 1940, wengi walioumia uti wa mgongo walilazwa tu, wakafa kwa vidonda na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alifungua kitengo chao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, kisha akawaanzishia mazoezi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wanajeshi 16 wenye viti vya magurudumu walishindana hapo kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Hapo ndipo ilipochipuka michezo ya Paralimpiki.

Kwa nini mazoezi?

Mwenye kiti hutegemea mikono kujisukuma, kuhamia kitandani na kwenda chooni. Mabega yakishindwa, anarudi kubebwa. Aidha, kukaa bila kujishughulisha huongeza hatari ya unene, kisukari na ugonjwa wa moyo.

Kiasi gani?

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018, unaohusu watu wazima waliotimiza angalau mwaka mmoja tangu kuumia, unashauri:

- Kwa nguvu za mwili: dakika 20 za mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo, mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli, mizunguko mitatu kwa kila kundi kubwa la misuli inayofanya kazi, mara mbili kwa wiki.
- Kwa afya ya moyo: dakika 30, mara tatu kwa wiki.

Vifaa vya gharama si lazima. Kuzunguka uwanja wa kanisa kwa kasi kunatosha kwa moyo. Kwa misuli, funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, mhusika aivute kuelekea kifuani. Kuvuta ni muhimu, kwa sababu kusukuma kiti huchosha misuli ya mbele ya bega na kuiacha ya nyuma ikiwa dhaifu.

Tahadhari

1. Aanze kwa ushauri wa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.
2. Ngozi isiyohisi haitoi taarifa. Akague makalio na visigino kila siku kwa kioo, na ainame mbele au pembeni mara kwa mara ili kupunguza mgandamizo.
3. Afanye mazoezi asubuhi au jioni na awe na maji karibu, kwani mwili wake unaweza kushindwa kujipoza.
4. Aliyeumia usawa wa kifua au juu zaidi, akipata ghafla maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, huenda shinikizo la damu limepanda kwa hatari. Asimamishe mazoezi, akae wima, alegezwe nguo, na kibofu au mrija wa mkojo uangaliwe. Dalili zisipoisha mara moja, apelekwe hospitali.

Wajibu wa kamati

Bajeti ya kiti iwe na mto wa kukalia, matengenezo ya tairi na nauli ya kliniki. Mlangoni mwa kanisa na nyumbani kwake jengeni njia ya mteremko: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi za sentimita 30 zinahitaji mita 3.6. Mteueni mtu wa kumtembelea na kufanya naye mazoezi.

Nanyi wafadhili, msiulize tu viti vingapi vimetolewa. Ulizeni ni wangapi, mwaka mmoja baadaye, bado wanavitumia bila vidonda na wanatoka nyumbani wenyewe.

Maswali ya majadiliano

1. Nani katika parokia yetu anatumia kiti cha magurudumu, na mara ya mwisho tulimtembelea lini?
2. Je, anaweza kuingia kanisani na chooni bila kubebwa?
3. Yeye mwenyewe anasema anahitaji nini kwanza?