Matone ya Macho na Mwenye Haki ya Kuyaandika

Aliyezoea kununua matone ya macho dukani Mombasa au Dar es Salaam bila cheti hushangaa, akifika Richmond Hill, kuambiwa kwamba dawa ileile haitolewi mpaka iandikwe. Sharti hilo lina sababu. Jicho jekundu huletwa na mzio, bakteria, kichanga, hata virusi vya herpesi. Matone yenye steroidi hutuliza wekundu upesi, lakini yakitiwa katika jicho lenye herpesi huupa ugonjwa nguvu, na kioo cha jicho kinaweza kubaki na kovu. Yakitumiwa kwa majuma mengi, huweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote.

Katika Ontario si lazima kila mara kumsubiri daktari bingwa. Tangu Aprili 2011 mtaalamu wa optometria, ambaye wengi humjua kwa kupima miwani tu, huruhusiwa kuandika dawa za macho. Ruhusa hiyo ina mipaka: huandika zile tu zinazokubaliwa na kanuni, baada ya kumchunguza mgonjwa na kuweka kumbukumbu, na ugonjwa ukipita mamlaka yake humpeleka kwa daktari bingwa. Wataalamu hao husajiliwa na College of Optometrists of Ontario, ambacho ni chombo cha kuisimamia taaluma wala si chuo cha masomo. Daftari lake la majina li wazi kwa kila mtu.

Hata hivyo, mtaalamu hawezi kujikinga na asiloambiwa. Timololo, dawa ya glakoma, hupita kwenye njia ya machozi hadi puani na kuingia katika damu. Mwenye pumu inaweza kumbana pumzi. Wengi hawaitaji pumu yao, wakidhani macho na mapafu havihusiani. Ni bora mgonjwa aende na dawa zake zote, zikiwamo zilizotumwa na jamaa kutoka nyumbani. Akishatia tone, afumbe jicho na kubonyeza kwa kidole pembe ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili hivi.

Wapo wanaoacha matone ya glakoma mchana wa Ramadhani. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Kabla mwezi haujaandama, mgonjwa amwulize mtaalamu iwapo saa za dawa zinaweza kuhamishiwa baada ya futari na wakati wa daku, asizibadili mwenyewe.

Jicho likiuma sana, likipoteza uoni ghafla au likiingiwa na kemikali, aende hospitali mara moja. Likiingiwa na kemikali, lioshwe kwanza kwa maji mengi.