Vidonda vya Kulalia: Tuvizuie Nyumbani

Mgonjwa aliyepooza kwa kiharusi, aliyevunjika nyonga au aliyedhoofu kwa uzee hawezi kujigeuza. Uzito wake huibana nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Mara nyingi uharibifu huanzia ndani. Ndiyo maana kidonda kidogo kwa nje huweza kuwa shimo kubwa ndani. Tumuwahi kabla ngozi haijachubuka.

Mgeuzeni kila saa 2, usiku na mchana

- Saa 12 asubuhi: ubavu wa kushoto
- Saa 2: chali
- Saa 4: ubavu wa kulia
- Saa 6 mchana: chali, kisha mnaanza upya

Bandikeni ratiba ukutani. Kila aliyemgeuza atie alama. Kazi hii inachosha, asiachiwe mama au dada peke yake. Wanaume na vijana nao washike zamu.

Akilala ubavu, asilalie mfupa wa nyonga: mwegemezeni kidogo kwa nyuma juu ya mto, na mto mwingine muuweke katikati ya magoti. Akilala chali, wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Msimburute. Watu 2 wamnyanyue kwa shuka lililo chini yake.

Kagueni ngozi kila siku

Mnapomwogesha, tazameni penye mwanga: makalio na juu yake, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, mabega na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tafuteni palipokoza rangi, kisha guseni: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Panauma? Mkipaona, msipakande wala kupasugua. Asipalalie tena mpaka parudi hali yake.

Ngozi kavu, chakula cha kutosha

Akijisaidia, msafisheni papo hapo kwa maji na sabuni isiyo kali, mkausheni taratibu bila kusugua, kisha mpakeni mafuta ya mgando. Nyoosheni mikunjo ya shuka. Mpeni mayai, maharage, dagaa, maziwa, mboga, matunda na maji.

Wahini kituo cha afya

Mkiona lengelenge, mchubuko, weusi, usaha, harufu mbaya au homa, msisubiri. Msitie majivu, dawa ya meno wala spiriti. Endeleeni kumgeuza hata akiwa kwenye matibabu, kwa sababu dawa haiponyi mahali panapoendelea kulaliwa.