Kurejesha ili Kurejelea: Batli za Kompyuta Zilizo Makavazini

Utangulizi

Wakati fulani niliombwa na chuo kimoja kutafsiri mwongozo mfupi wa wasimamizi wa mifumo ya kompyuta. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na maelezo kuhusu kumbukumbu za kale za seva, nami nikayafupisha kwa maneno machache: “Rudisha faili za zamani, kisha tafuta.” Nilijiona nimefasiri vyema.

Miezi michache baadaye alizuka mwanafunzi aliyeshukiwa kwamba alama zake zilibadilishwa kinyume cha utaratibu. Kumbukumbu za kipindi hicho zilikwisha kuondolewa kwenye seva na kuhifadhiwa kando. Msimamizi akazirudisha kama mwongozo ulivyomwagiza, akatafuta nambari ya usajili ya mwanafunzi, na kompyuta ikamjibu: matokeo 0. Kwa kamati iliyoketi, sufuri hiyo ilimaanisha kwamba hapakuwa na idhini yoyote iliyorekodiwa. Kumbe faili zilikuwapo na habari zilikuwamo ndani yake. Kilichokosekana ni hatua moja ambayo kitenzi changu “rudisha” hakikuitaja. Makala haya yanalenga kuieleza hatua hiyo na kuchunguza msamiati unaoweza kuibeba.

Jina la kitu

Seva huandika kila tendo linalotendeka ndani yake: nani aliingia, saa ngapi, kutoka mashine gani, alifungua nini, alibadilisha nini. Watu wengi huliita andiko hilo “kumbukumbu”. Neno hili si baya, ila limebeba mzigo mkubwa mno. Kumbukumbu ni uwezo wa akili, ni maandishi ya mkutano, na pia ni sehemu ya kompyuta inayohifadhi data. Mwongozo unaosema “kumbukumbu zimejaa” humwacha msomaji akijiuliza ni kipi hasa kilichojaa.

Lugha yetu ina neno la pwani ambalo, kwa maoni yangu, lafaa zaidi. Neno hilo ni batli, yaani daftari ambamo nahodha huandika mwenendo wa chombo na mambo ya safari. Ufaafu wake si wa kubahatisha. Waingereza nao walilitoa neno lao baharini: walitupa majini kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi kwa muda maalumu ili kujua kasi ya merikebu, kisha wakaandika hesabu hiyo daftarini. Jina la gogo likahamia kwenye daftari, na kutoka daftarini likaingia kwenye kompyuta. Sisi tunalo daftari lenyewe tayari. Hatuna haja ya kutafsiri gogo. Katika sehemu iliyosalia nitatumia batli.

Safari ya batli hadi makavazini

Seva yenye shughuli nyingi hujaza diski haraka, na diski zenye kasi ni ghali. Kwa hivyo batli huhamishwa kwa kadiri inavyozeeka. Tuchukue mfano wa programu ya Splunk, kwa sababu wabunifu wake walitumia sitiari inayomvutia mwanafunzi wa fasihi. Data hugawanywa katika mafungu yanayoitwa ndoo. Ndoo inayoandikwa sasa ni ya moto. Ikifungwa, huwa vuguvugu. Ikizidi kuzeeka, huwa baridi, na mara nyingi huhamishiwa diski ya bei nafuu. Mwishowe hugandishwa. Mtu asipobadilisha mipangilio, hatua hiyo ya mwisho hufikiwa baada ya sekunde 188,697,600, ambazo ni takribani miaka 6.

Hapa sitiari inaweza kumpotosha asiyekuwa mwangalifu. Msimamizi asipoelekeza mahali pa kuhifadhia, kugandishwa ni kufutwa. Akielekeza, ndoo huwekwa makavazini, lakini haiendi nzima. Ndoo ina sehemu mbili kuu: matini ghafi ya batli, ambayo hubanwa ili ichukue nafasi ndogo, na faharasa inayoonyesha kila neno limo wapi katika matini hayo. Wakati wa kugandisha, faharasa huondolewa na matini ghafi peke yake ndiyo husalia.

Aliyewahi kusoma kitabu kinene kisichokuwa na faharasa wala yaliyomo anaelewa maana yake. Habari imo, lakini programu haipekui ukurasa baada ya ukurasa kama afanyavyo mtafiti mvumilivu. Huuliza faharasa. Pasipo na faharasa, hujibu kwa unyofu kabisa kwamba haikuona kitu.

Samli ikiganda alfajiri huanikwa juani, ikayeyuka, na haikupungukiwa na lolote. Ndoo haiko hivyo. Ili “kuiyeyusha”, msimamizi huinakili kutoka makavazini hadi kwenye saraka maalumu ya ndoo zilizoyeyushwa, huamuru programu iijenge upya faharasa yake kutokana na matini ghafi, kisha huiwasha programu upya. Hapo tu ndipo swali lake linapoweza kujibiwa. Ujenzi huo hutumia muda na nguvu za kompyuta, na hiyo ndiyo sababu msimamizi mwenye busara huleta ndoo za siku anazozihitaji tu wala hafungui ghala zima.

Mifumo mingine hufuata njia tofauti. Katika Azure Monitor ya Microsoft, msimamizi hutaja jedwali analolitaka pamoja na mwanzo na mwisho wa kipindi, ambacho hakipaswi kuwa chini ya siku 2. Mfumo humtengenezea jedwali jipya ambalo jina lake huishia kwa _RST, naye hutafuta humo. Asili hubaki makavazini. Jedwali hilo hulipiwa kwa muda wote linapokuwapo, kwa hiyo anayelisahau atakumbushwa na ankara.

Saa na siku

Kuna mtego mwingine unaotuhusu moja kwa moja sisi wasemaji wa Kiswahili. Batli za seva nyingi huandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Tuseme shahidi anaeleza kwamba tukio lilitokea saa nane usiku wa kuamkia Jumatano. Kwa saa ya ukutani hiyo ni 02:00 Jumatano, ilhali batli itaandika 23:00 Jumanne. Aidha, kwa desturi ya pwani ambapo siku mpya huanza magharibi, mzee akisema “usiku wa Jumatano” anakusudia usiku uleule, lakini kijana aliyelelewa na kalenda ya ofisini ataelewa usiku unaofuata. Msimamizi akirejesha batli za Jumatano pekee atakuwa amejenga faharasa nzuri ya siku isiyohusika.

Kwa nini kungoja hadi makavazini?

Huenda msomaji akauliza kama kweli kuna anayehitaji batli kuukuu. Tukio la SolarWinds linatoa jibu. Mnamo Desemba 2020 ilifichuka kwamba programu ya Orion ya kampuni hiyo ya Marekani ilikuwa imepachikwa msimbo wa wadukuzi. Masasisho yenye msimbo huo yalianza kusambazwa Machi 2020, na wadukuzi walikuwa wamepenya angalau tangu Septemba 2019. Aliyekuwa na batli za siku 90 pekee aliweza kutazama nyuma hadi Septemba 2020 tu. Agosti 2021 serikali ya Marekani iliziagiza idara zake, kupitia waraka M-21-31, zihifadhi batli kwa miezi 12 mahali pa kutafutika upesi na miezi 18 zaidi katika hifadhi baridi.

Hata hivyo, kuhifadhi milele si fadhila. Batli ina majina na nyendo za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu data ya mtu ikae kupita muda unaohitajika. Jambo hili husahaulika hasa baada ya kurejesha: katika Splunk, ndoo iliyoyeyushwa haizeeki tena. Hukaa hapo hadi mtu aiondoe kwa mkono wake.

Kitenzi

Turudi kwenye kosa langu. Kurudisha ni kuleta kitu kilikotoka. Kitabu hurudishwa rafuni hata kama kimenyofolewa kurasa. Kurejesha hukaribiana nacho kimaana, na wengi huvitumia kama visawe. Lakini tukiangalia mnyambuliko, rejea huzaa rejesha kwa kauli ya kutendesha na rejelea kwa kauli ya kutendea, na kutoka hapo tunapata marejeleo. Pendekezo langu ni kwamba katika uwanja huu tutofautishe: kurudisha kuwe kuleta faili peke yake, na kurejesha kuwe kuzileta hadi zirejeleke. Msimamizi wetu alirudisha. Hakurejesha.

Faharasa ilipojengwa upya, batli zilionyesha kwamba alama zilibadilishwa na mhadhiri mwenye mamlaka hayo, baada ya karatasi kusahihishwa mara ya pili. Mwanafunzi akaondolewa lawama, ingawa alikuwa amekwisha kupoteza muhula.

Nami niliuandika upya ukurasa wa tatu. Sasa unasema: “Nakili kutoka makavazini batli za kipindi husika, ukizingatia tofauti ya saa. Hakikisha hazijaguswa tangu zihifadhiwe. Zijengee faharasa upya. Kabla ya kuamini sufuri yoyote, tafuta kwanza tukio unalojua kwamba lilitokea siku hiyo. Lisipoonekana, urejeshaji haujakamilika.” Mhariri wa chuo alilalamika kwamba maelezo yamekuwa marefu. Nilimwomba ayaache.