Chuma cha Kusubu Kikipasuka, Tufanyeje?

Somo letu la leo linahusu chuma cha injini.

Sisi watu wa Bariadi tunalima pamba. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, kila mtu anataka kupanda mapema. Wengine tunalima kwa maksai, wengine kwa trekta. Baadhi ya matrekta vijijini ni ya zamani sana. Massey Ferguson 135, kwa mfano, ilianza kutengenezwa miaka ya 1960. Trekta kama hilo likiharibika Novemba, shamba linabaki pori.

Tuseme trekta la kikundi chenu limeanza kupiga kelele na kutoa moshi ubavuni mwa injini. Fundi anatazama, anasema: "Menifoldi imepasuka." Menifoldi ni kile chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini. Kinakusanya moshi na kuupeleka kwenye bomba. Je, tununue nyingine au tuchomelee? Na tukichomelea, tufanye namna gani?

CHUMA HIKI NI CHA NAMNA GANI?

Menifoldi nyingi za injini za zamani ni za chuma cha kusubu. Chuma hiki huyeyushwa, kisha humiminwa kwenye kalibu. Ndani yake mna kaboni nyingi. Kaboni ndiyo ile iliyomo kwenye mkaa na masizi. Katika kilo 100 za chuma cha kusubu mna kaboni kiasi cha kilo 2 hadi 4. Katika chuma cha kawaida, kama cha nondo, haifiki hata kilo 1.

Kwa sababu hiyo chuma cha kusubu kina tabia ya chungu. Chungu kinabeba mzigo bila shida. Lakini ukikiangusha, kinavunjika, hakipindi. Na ukikitoa motoni na kukimwagia maji baridi, kinapasuka.

Basi hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Fundi anachukua kijiti cha kuchomelea madirisha, anachomelea chuma kikiwa baridi, halafu anamwaga maji ili kipoe haraka. Mahali palipochomelewa panakuwa pagumu kama kioo, na panajikunja. Chuma cha pembeni hakijikunji pamoja nacho. Ufa mpya unatokea kando ya ule wa zamani. Fedha zimekwenda, na trekta bado limelala.

HATUA ZA KAZI

Kazi hii ni ya fundi mwenye vifaa. Lakini mwenye trekta akizijua hatua, atajua kama kazi inafanywa vizuri.

1. Menifoldi ifunguliwe na kutolewa kwenye injini. Isafishwe masizi na mafuta kwa brashi ya waya, sabuni na maji ya moto. Ikauke kabisa.

2. Utafutwe mwisho wa ufa. Paka mafuta ya taa, subiri kidogo, kisha futa vizuri. Paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Baada ya hapo safisha tena na kukausha. Usipeleke chuma motoni kikiwa na mafuta ya taa.

3. Toboa tundu dogo, kama milimita 3, kwenye kila mwisho wa ufa. Tundu hilo linauzuia ufa usiendelee.

4. Chimba mfereji juu ya ufa kwa tupa au grenda, ili dawa ya kuchomelea iingie ndani.

5. Pasha menifoldi yote moto polepole kwenye mkaa, siyo upande mmoja tu. Gizani ionekane nyekundu iliyofifia. Huo ni moto wa digrii 500 hadi 600 hivi.

6. Chomelea kwa kijiti cha nikeli, kipande kifupi cha sentimita 2 au 3 kwa mara moja. Gonga polepole kwa nyundo ndogo, kisha endelea na kipande kingine. Chuma kisiachwe kipoe katikati ya kazi.

7. Ukimaliza, fukia menifoldi kwenye majivu makavu au mchanga mkavu hadi kesho yake. Usiharakishe. Usimwage maji.

8. Kabla ya kufunga, hakikisha uso unaokaa kwenye injini umenyooka. Weka gasketi mpya. Kaza bolti kidogo kidogo, kuanzia za katikati kwenda pembeni.

Mafundi wengine hutumia shaba ya njano. Inafaa kwa vyuma visivyopata moto mkali. Kwa menifoldi haifai, maana moto wa moshi unailegeza.

JE, INAWEZEKANA KWELI?

Inawezekana. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilikamata meli za Wajerumani zilizokuwa bandarini mwake. Mabaharia walikuwa wamevunja mashine makusudi ili meli zisitumike. Silinda zake kubwa zilikuwa za chuma cha kusubu. Wengi walidhani ni lazima zitengenezwe mpya. Mafundi wakazitengeneza kwa kuchomelea na kutia viraka, na meli zikarudi baharini kubeba askari.

LAKINI SIYO KILA KITU

Vyuma vya usukani na vya breki visichomelewe. Vikikatika njiani, watu watakufa. Hivyo vinunuliwe. Bloku au silinda hedi ikipasuka, ipelekwe kwenye karakana kubwa yenye mashine za kuipima.

Pia menifoldi iliyopasuka isiachwe hivyo hivyo. Cheche zake zinaweza kuwasha pamba au nyasi kavu. Na moshi wake ni sumu. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa.

Kabla ya kumpa fundi kazi, ulizeni bei ya menifoldi nyingine, hata iliyotumika. Kisha mwulizeni fundi mambo matatu: Utatumia kijiti gani? Utaipasha moto yote? Utaipoza namna gani? Akijibu kwamba atamwaga maji, chukueni chuma chenu mwondoke.

Na kinga ni bora. Bolti ikidondoka, rudisha nyingine siku hiyo hiyo. Injini ikichemka, izime, ingoje ipoe, ndipo uongeze maji. Kumbuka chungu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini chuma cha kusubu kinafanana na chungu?
2. Tundu dogo mwishoni mwa ufa lina kazi gani?
3. Kwa nini tunafukia chuma kwenye majivu?
4. Ni vyuma gani vya gari au trekta visivyofaa kuchomelewa?