KANZU YA YUSUF: SOMO KWA WANAOKWENDA CHUO NA KURUDI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kila mwaka vijana wetu wa Tumbe wanamaliza skuli na kuingia vyuoni. Wapo wanaosoma Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) katika kampasi ya Mchangamdogo, wapo walio katika vyuo vya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe, na wapo waliovuka bahari kwenda Unguja na Dar es Salaam. Baadhi yao wanalala dahalia. Wengine wengi hutoka nyumbani baada ya Alfajiri, wakapanda gari Konde, na kurudi jioni. Mwanafunzi wa namna hii mchana yuko chuoni na usiku yuko kwao, lakini baina ya pahala pawili hapo kuna njia, na njiani hana mwalimu wala mzazi. Somo letu la mwaka huu linahusu njia hiyo.

KISA KILICHONIFANYA NIANDIKE

Binti mmoja aliyesoma hapa madrasa, ambaye jina lake silitaji na ambaye ameniruhusu kukieleza kisa chake, alichelewa siku moja chuoni kwa sababu ya mtihani. Alipofika njia panda gari za abiria zilikuwa zimeshapita. Magharibi ilikuwa imekaribia. Ikasimama gari ndogo, dereva akamwambia anakwenda Konde. Akapanda. Mbele kidogo dereva akakata njia nyengine. Binti akaomba ateremshwe, dereva akakataa na akamshika mkono. Kwa rehema za Mola, mbele kulikuwa na ng'ombe wanavushwa barabara, gari ikapunguza mwendo, binti akafungua mlango akaruka. Mkono wa buibui lake ukachanika.

Usiku ule alilifua buibui, akalishona, na hakumwambia mtu. Akakaa miezi miwili. Mimi nilitambua kwamba kuna jambo kwa sababu alikuwa akija kila Jumamosi kutusaidia kusomesha watoto wadogo, kisha akaacha. Mke wangu alipomuuliza ndipo alipolia na kusema yote. Tulipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu maneno matatu tu: "Baba angenitoa chuo."

Ndugu zangu, tuyazingatie maneno hayo. Binti huyu alimuogopa dereva kwa muda wa nusu saa, lakini alituogopa sisi kwa miezi miwili.

MAFUNDISHO KUTOKA SURAT YUSUF

Katika Surat Yusuf, kuanzia aya ya 23 hadi ya 28, Mwenyezi Mungu anatusimulia namna Nabii Yusuf (A.S.) alivyotakwa kwa uovu na mke wa bwana aliyemlea, ndani ya nyumba, na milango imefungwa. Hapa tunapata mafundisho manne.

Kwanza, Yusuf alikimbia. Hakusimama kujadiliana wala hakuona haya kuonekana anakimbia. Alielekea mlangoni, na yule mwanamke akamvuta kanzu kwa nyuma ikachanika. Kwa hiyo mwenye kujiokoa kwa kukimbia au kupiga kelele hakufanya jambo la aibu. Amefanya aliyoyafanya Nabii.

Pili, Yusuf alisema. Walipomkuta bwana wa nyumba mlangoni na mwanamke akawahi kumsingizia, Yusuf hakunyamaza kwa kuwa yeye ni mdogo na anayemshitaki ni mkubwa. Alieleza wazi kwamba yeye ndiye aliyetakwa.

Tatu, kanzu ilitoa ushahidi. Shahidi katika jamaa za yule mwanamke alisema itazamwe kanzu imechanika wapi. Ilipoonekana imechanika nyuma, ukweli ukajulikana. Lau Yusuf angelikwenda akaishona kanzu ile, kingelibaki kitu gani?

Nne, Yusuf alidai haki yake hata baadaye. Alitiwa gerezani naye hana kosa, na mfalme alipomwita atoke, aya ya 50 inatueleza kwamba alimrudisha mjumbe kwanza, ili habari ya wale wanawake ichunguzwe. Alitaka atoke akiwa amesafishwa jina. Kusubiri siku nyingi hakuiondoi haki.

KUJIHADHARI NJIANI NA CHUONI

Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mungu. Katika Surat An-Nisaa aya ya 71 waumini wanaamrishwa kuchukua hadhari yao. Basi kumfunga ngamia kwa mwanafunzi wa siku hizi ni kama hivi:

1. Jua saa ya gari ya mwisho ya njia yako, na uipange siku yako kwa saa hiyo. Ukiwa na mtihani au mazoezi ya jioni, mweleze mwalimu mapema kwamba unakaa mbali. Si aibu kuomba ruhusa kabla ya Magharibi.

2. Fuatana na mwenzako. Wanafunzi wa njia moja wajuane, wasubiriane, na wasimuache mmoja kituoni peke yake.

3. Usipande gari ya mtu usiyemjua kwa kuwa ni bure. Ukilazimika, ingia iliyo na abiria wengine, soma namba ya gari kabla ya kupanda, na umpigie mtu wa nyumbani umtajie namba hiyo kwa sauti, dereva akisikia. Mwenye nia mbaya hapendi namba yake itajwe.

4. Ukikosa gari, usitangetange. Bi Aisha (R.A.) alipoachwa na msafara kwa sababu ya kidani chake kilichopotea, alikaa pale pale alipojua kwamba watamrudia. Nawe kaa pahala penye watu na taa, kama dukani, msikitini au kwenye lango la chuo penye mlinzi, upige simu na usubiri.

5. Weka akiba ya salio na chaji katika simu, na nauli ya kurudia usiile. Namba za nyumbani ziandike pia kwenye daftari, kwani simu huzima na huibiwa.

6. Jihadhari na kuitwa peke yako ofisini baada ya masomo kwa ajili ya "kurekebisha alama". Nenda na mwenzako, na mlango uwe wazi. Mwenye kukuomba mwili wako kwa alama ametaka rushwa. Kwa walio Tanzania Bara, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja jambo hilo kuwa ni kosa. Kwetu Zanzibar ipo Mamlaka ya ZAECA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, ambayo kazi yake ni kupokea mashitaka ya rushwa.

Na nyinyi vijana wa kiume msidhani hayakuhusuni. Nabii Yusuf alikuwa kijana wa kiume. Tena mnayo haki juu yenu: kuwalinda wenzenu. Safwan bin Muattal (R.A.) alipomkuta Bi Aisha peke yake jangwani, alimpigisha ngamia magoti, akampandisha, na akamuongoza hadi kwa watu bila ya kumsemesha. Huo ndio mfano wa mwanamme anapomkuta binti wa watu njiani.

YAKISHATOKEA, MSAADA UKO WAPI?

Jambo likitokea, na tunamuomba Mungu atuepushe, fanya haya:

Nenda kwanza pahala pa salama, kisha mwambie mtu mmoja unayemuamini siku hiyo hiyo. Awe mama, baba, shangazi, mwalimu wa chuo au ustadhi wako. Simu ya dharura ya polisi ni 112. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, ipo simu ya bure namba 116.

Usioge, usifue nguo wala usizishone. Zitie katika mfuko wa karatasi uende nazo. Hiyo ndiyo kanzu ya Yusuf. Ujumbe wa simu usiufute, na namba ya gari iandike kabla hujaisahau.

Nenda hospitali upesi. Zanzibar tunavyo vituo vya Mkono kwa Mkono, na Chake Chake kimo ndani ya hospitali. Humo daktari, polisi na afisa wa ustawi wa jamii hukaa pamoja, ili aliyeumizwa asizungushwe huku na huku akirudia maneno yake. Aliyeingiliwa kwa nguvu zipo dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, lakini lazima aanze kuzitumia ndani ya saa 72, na huzitumia kwa siku 28. Anayechelewa kwa kuona haya huikosa kinga hiyo.

Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Omba kuzungumza na askari wa dawati hilo, na ukiwa mwanamke unaweza kuomba askari wa kike. Kwa ushauri wa sheria, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi yake Chake Chake. Sheha naye apewe habari, lakini habari kwa sheha haichukui nafasi ya polisi na hospitali. Tangu mwaka 2021 Zanzibar imeweka mahakama maalumu kwa kesi za udhalilishaji, na kesi haiwezi kufika huko ikiwa imezikwa barazani kwa sulhu ya wazee wawili. Sulhu ni jambo jema katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Katika udhalilishaji, sulhu humpa muovu ruhusa ya kumtafuta binti mwengine.

NENO KWA WAZEE WETU

Wazee wetu, heshima yenu ni kubwa kwetu, na khofu yenu kwa watoto wenu tunaijua. Lakini tusome Surat An-Nur kuanzia aya ya 11. Bi Aisha alichelewa, akarudi na mwanamme mmoja, na watu wa Madina wakasema waliyoyasema kwa muda wa mwezi mzima, mpaka ikateremka Qur'an kumtakasa. Na aya ya 12 inawalaumu waumini kwa kutowadhania wenzao wema tangu mwanzo waliposikia. Binti akichelewa gari, sisi tunakuwa katika kundi gani?

Tukumbuke pia wasichana wawili wa Madyan katika Surat Al-Qasas. Walitoka kunywesha wanyama kwa kuwa baba yao ni mzee, wakasimama kando mpaka wachungaji waondoke, na Nabii Musa (A.S.) akawasaidia. Qur'an haikuwalaumu kwa kutoka. Ilitaja hadhari yao na haya zao, na ikamtaja baba ambaye binti yake alirudi na kumweleza yaliyotokea, naye akamsikiliza.

Hata katika nchi za wenzetu, mabadiliko yamekuja pale wazazi walipokataa kunyamaza. Marekani, mwaka 1986, mwanafunzi wa miaka 19 aitwaye Jeanne Clery aliuawa ndani ya bweni la chuo kikuu cha Lehigh, ambako milango iliyopaswa kujifunga ilikuwa imeachwa wazi. Wazazi wake walisimama, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria, ambayo sasa inaitwa kwa jina la mtoto wao, inayovilazimisha vyuo vitangaze kila mwaka uhalifu uliotokea humo. Na sisi wazazi wa Tumbe tunaweza kukiuliza chuo kabla ya kumpeleka mtoto: Lango lina mlinzi? Taa zipo? Mtoto akipata tatizo amuone nani, kwa jina?

Sasa nimalizie kisa cha binti yetu. Nilikwenda naye kwa baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akamuuliza binti yake, "Kesho kipindi cha kwanza saa ngapi?" Asubuhi akamsindikiza mwenyewe hadi Konde, na wiki nzima akawa anampokea jioni. Binti amemaliza chuo, alhamdulillah. Lakini yule dereva hakupatikana mpaka leo. Hatukuwa na namba ya gari, na mkono wa buibui ulikuwa umeshonwa vizuri sana.

Basi wazee wetu, usiku wa leo kila mmoja amwambie mwanawe kwa ulimi wake: "Likikufika jambo, njoo kwangu. Sitakutoa chuo."

MASWALI YA MAZOEZI

1. Taja mambo manne tunayojifunza kwa Nabii Yusuf (A.S.) katika kujiokoa na kudai haki.
2. Kwa nini Bi Aisha (R.A.) alikaa pale pale alipoachwa? Wewe ungekaa wapi katika njia yako?
3. Dawa za kinga zinatakiwa zianze kutumiwa ndani ya saa ngapi?
4. Andika majina ya watu watatu ambao ungewaambia likikufika jambo. Muoneshe mzazi wako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.